Wepesi wa Kuuliza Si Ukweli wa Jibu

Taifa linalotaka kupanga maendeleo yake halina budi kuwauliza watu wake. Upungufu wa madarasa, hali ya chakula katika kaya, umbali wa kisima na upatikanaji wa dawa ni mambo yasiyoweza kujulikana kwa kukaa ofisini. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na wadadisi waliobeba madodoso ya karatasi, wakapanda mabasi, wakatembea kwa miguu, wakaketi uani na mwenye kaya, wakauliza na kuandika. Siku hizi njia imefupishwa. Mdadisi huweza kuketi katika chumba kimoja mjini akapiga simu nchi nzima. Au dodoso hutumwa kwa intaneti, likajazwa na mhojiwa mwenyewe. Gharama imepungua, na muda umepungua. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni kama jibu nalo halikupungua.

Swali hilo linawahusu zaidi watumishi wa umma na walimu, kwa sababu wao wamo katika pande zote mbili za jambo lenyewe. Wao ndio wanaokusanya takwimu na kuzitumia. Na mara nyingi wao ndio wanaoulizwa. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilifanywa kwa vishikwambi, lakini karani alifika mlangoni. Walimu wengi walikuwa miongoni mwa makarani hao, na baada ya kazi kumalizika Serikali ilivigawa vishikwambi hivyo kwa walimu. Hivyo chombo kilichotumika kumwuliza mwananchi ana kwa ana sasa chaweza kutumika kumwuliza mwalimu kutoka mbali. Chombo ni kile kile. Aliyeondoka ni karani.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa litazamwe kwa mfano wa mahali pamoja. Isaka, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, ni kituo cha reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, na tena ni bandari kavu ya mizigo iendayo Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Kaskazini na magharibi yake umetanda ukanda wa dhahabu, kuanzia Bulyanhulu hadi Geita. Kwa sababu hiyo mji huo mdogo umekusanya watu wa kila namna: mkulima wa mpunga na pamba, mfugaji, dereva wa lori anayelala usiku mmoja tu, kuli, mama lishe, mchimbaji mdogo anayehama kutoka duara hili hadi lile, mwalimu, na karani wa forodha. Katika majedwali ya takwimu wote hao huandikwa kuwa ni wananchi. Lakini simu haiwafikii wote kwa njia moja.

Dereva wa lori hupokea simu mara moja, ila yeye si mkazi wa hapo, na namba yake haisemi anaishi wapi. Mchimbaji mdogo mchana yumo ndani ya ardhi, ambako hakuna mawimbi ya simu. Mke wa mkulima huenda hana simu yake. Hutumia ya mumewe, na jioni mume akirudi ndipo hupata nafasi ya kuongea, naye mume akiwa ameketi karibu. Bibi mzee ambaye lugha yake ya kila siku ni Kisukuma humwelewa mdadisi aliyefika nyumbani pamoja na mtu wa kitongoji wa kumfasiria. Sauti ya mgeni iendayo mbio katika simu humtatiza, akamkabidhi mjukuu simu, na mjukuu akajibu kwa niaba yake. Hatimaye aliyeandikwa kuwa mjane wa miaka sabini ni kijana wa miaka kumi na tisa.

Wapo wasemao kwamba tatizo hilo limekwisha, kwa kuwa kila mtu sasa ana simu. Ni kweli kwamba mwishoni mwa mwaka 2023 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilipita milioni 70, ilhali watu waliohesabiwa mwaka 2022, pamoja na watoto wachanga, hawakufika milioni 62. Hesabu hiyo yenyewe ndiyo onyo. Laini haziwezi kuwa nyingi kuliko watu ila kwa sababu wengine wana laini mbili au tatu na wengine hawana hata moja. Mtafiti akichagua namba ovyo, mwenye laini tatu ana nafasi tatu za kuulizwa, na asiye na laini hana hata nafasi moja. Mwenye sauti huongezewa sauti, na asiye na sauti hunyamazishwa kabisa.

Kosa hili lina historia ndefu. Mwaka 1936 nchini Marekani, gazeti la Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuuliza nani angechaguliwa kuwa Rais, likapata majibu zaidi ya milioni 2. Majina lilikuwa limeyachukua hasa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati ambapo maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Likatangaza kwamba Landon angeshinda. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Wingi wa majibu haukuliokoa gazeti hilo, kwa kuwa milioni mbili walioulizwa vibaya hawana uzito wa elfu mbili waliochaguliwa vyema.

Hata pale ambapo karibu kila nyumba ina simu, si kila mtu huipokea. Taasisi ya Pew ya Marekani imeeleza kuwa mwaka 1997 ilipata mahojiano katika asilimia 36 ya sampuli yake ya simu. Kufikia mwaka 2018 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 6. Watu walikuwa wamechoshwa na wapigaji wasiowajua. Nchi ambayo leo inaifurahia njia hii ni vema ikajua kwamba subira ya wananchi ni akiba, na akiba ikitumiwa ovyo huisha.

Hayo yanahusu nani anajibu. Lililo gumu zaidi ni kujua anajibu nini.

Mdadisi anayebisha hodi huonekana. Huonyesha kitambulisho na barua, hufuatana na mwenyekiti wa kitongoji, hupewa kigoda na maji ya kunywa. Mwenye nyumba humpima kwa macho kabla ya kufungua kinywa. Mpiga simu hana uso. Tena anaingia katika masikio yaliyokwisha kujeruhiwa, kwa maana hakuna mwenye simu nchini asiyeujua ule ujumbe wa matapeli unaomwambia mtu atume hela kwenye namba fulani. Mtu anayeulizwa na sauti ngeni idadi ya ng'ombe wake, au mapato yake ya wiki kutokana na dhahabu, anayo sababu njema ya kusema ana ng'ombe wawili na kwamba dhahabu siku hizi haionekani. Mjinga si yeye. Mjinga ni yule atakayeichukua hesabu hiyo na kuiandika katika mpango wa maendeleo.

Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2003 walilinganisha watu waliohojiwa ana kwa ana na waliohojiwa kwa simu. Waliohojiwa kwa simu walionyesha shaka zaidi na ushirikiano mdogo zaidi. Walielekea zaidi kukubaliana na kauli yoyote waliyosomewa, na kujieleza kwa namna ya kupendeza machoni pa watu. Aidha walilalamikia urefu wa mahojiano, ingawa mahojiano ya simu yalikuwa mafupi kuliko yale ya ana kwa ana. Katika jamii ambayo kumwitikia mkubwa kwa "ndiyo" ni adabu njema, hatari ya kuitika bila kukubali si ndogo.

Pia lipo jambo la sikio na jicho. Anayesomewa majibu matano kwa simu huelekea kulichukua lile la mwisho, kwa sababu ndilo lililobaki masikioni. Anayeyaona majibu yale yale yameandikwa huelekea kulichukua la kwanza, kwa sababu ndilo lililowahi kumtosheleza. Swali ni moja, watu ni wale wale, lakini njia imebadili jibu. Ofisa anayelinganisha takwimu za simu za mwaka huu na za karatasi za mwaka juzi, kisha akatangaza kwamba maoni ya wananchi yamebadilika, huenda ametangaza mabadiliko ya chombo tu.

Uchovu nao una gharama yake. Wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, watafiti waliokuwa wakiwapigia simu akina mama nchini Ethiopia waliwauliza baadhi yao juu ya chakula mapema katika mahojiano, na wengine wakawauliza dakika 15 baadaye. Kucheleweshwa huko peke yake kulipunguza kipimo cha aina za vyakula walivyotaja kwa asilimia kati ya 8 na 17. Akina mama hao hawakuwa wamekula vibaya zaidi, walikuwa wamechoka. Vivyo hivyo mama wa Isaka aliyekula ugali, mlenda, maharage na dagaa, huku sufuria ikiungua na mtoto akilia, ataweza kutaja ugali na mlenda ili simu ikatwe. Katika ripoti itaonekana kwamba watoto wa Msalala wanakosa vyakula vya kujenga mwili. Huenda kweli wanakosa. Lakini ripoti hiyo haitakuwa imejua.

Ama intaneti, yenyewe ina sifa ambayo simu haina. Mtu anayejaza dodoso peke yake hana wa kumwonea haya. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2008 waliwauliza wahitimu wa Chuo Kikuu cha Maryland juu ya masomo yao, huku wakiwa na kumbukumbu za chuo za kulinganishia. Waliojaza kwa intaneti walikiri mambo ya aibu, kama vile kufeli, zaidi ya waliohojiwa na mtu kwa simu. Kadhalika, katika jaribio la Taasisi ya Pew la mwaka 2014, asilimia 62 ya walioulizwa kwa simu walisema wanaridhika sana na maisha ya familia zao; miongoni mwa waliojibu kwa intaneti waliosema hivyo walikuwa asilimia 44. Ni vigumu kumwambia mtu asiyemjua, kwa sauti, kwamba nyumbani hakuna amani.

Lakini sifa hiyo ipo tu pale ambapo mhojiwa yuko peke yake kweli. Na watazamwe walimu. Dodoso hutumwa katika kundi la simu la walimu wa kata, likiwa na agizo kwamba lijazwe leo kabla ya saa 10 alasiri. Maswali ya kwanza ni jina, shule, namba ya simu na cheo. Yanayofuata yanauliza kama mkuu wa shule huwashirikisha walimu, kama vitabu vinatosha, na kama mafunzo ya mwezi uliopita yalifaa. Mwalimu mwenye akili timamu anajua la kujibu. Atateremka na safu moja ya alama kutoka juu hadi chini, "naafiki sana", "naafiki sana", kisha atarudi darasani kwa wanafunzi wake. Wilaya itapokea majibu kutoka kwa walimu wote na kujisifu kwa mwitikio mkubwa. Hayo ni mahudhurio, siyo maoni.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuilaumu simu kana kwamba njia ya zamani haikuwa na dosari. Kati ya mwaka 2007 na 2008 ulifanyika utafiti katika kaya zipatazo 4,000 nchini, zikiwamo za wilaya moja ya Mkoa wa Shinyanga, kulinganisha namna nane za kuuliza matumizi ya kaya: wengine waliandika daftari kila siku, wengine waliulizwa kukumbuka wiki moja, wengine zaidi. Wote walitembelewa nyumbani. Watafiti walipozitumia takwimu hizo kukadiria njaa, makadirio yalitofautiana kutoka asilimia 19 hadi asilimia 68, kwa kufuata namna ya kuuliza. Nchi ilikuwa moja na kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu. Lililotofautiana lilikuwa dodoso. Kufika mlangoni peke yake hakumfanyi mtu asema kweli.

Tena simu ikitumiwa kwa akili huweza kuponya maradhi ya njia ya zamani. Mwaka 2014 mkoani Mara, wakulima waligawanywa katika mafungu. Wengine waliulizwa kila wiki, ama kwa kutembelewa ama kwa simu, saa walizofanya kazi shambani. Wengine waliulizwa mara moja tu baada ya mavuno. Walioulizwa mwishoni walitaja, kwa kila mtu na kila shamba, saa nyingi zipatazo mara nne ya zile za walioulizwa kila wiki. Majibu ya simu ya kila wiki yalikaribiana na yale ya kutembelewa. Hapa kilichoharibu jibu ni usahaulifu, na simu iliushinda usahaulifu kwa sababu iliuliza mapema, mara kwa mara, na jambo moja jepesi.

Funzo hilo halikupuuzwa na wote. Uchunguzi wa Sauti za Wananchi ulioanzishwa na shirika la Twaweza mwaka 2013 haukuanza kwa kupiga namba ovyo. Kwanza wadadisi walizifikia kaya zilizochaguliwa kitaalamu katika Tanzania Bara, wakazihoji ana kwa ana, wakazipa simu na chaja za nguvu ya jua; ndipo kupiga simu kukafuata. Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo, pamoja na wenzao wa Zanzibar na Benki ya Dunia, ilipoanza mwaka 2021 kufuatilia hali ya maisha kwa simu, iliziendea kaya zilizokwisha kufahamika katika tafiti za awali. Katika mifano yote miwili mlango ulitangulia na simu ikafuata.

Lakini hata uchunguzi wenye msingi mwema hauna budi kujadiliwa kwa njia yake. Mwaka 2018 matokeo ya Sauti za Wananchi yalionyesha kwamba waliosema wanaridhika na utendaji wa Rais walikuwa asilimia 55, kutoka asilimia 71 mwaka 2017 na asilimia 96 mwaka 2016. Mjadala mkubwa ulizuka, na sehemu kubwa yake ilihusu kibali. Maswali yaliyostahili kutangulia yalikuwa mengine: je, mtu anayeulizwa kwa simu juu ya kiongozi wa nchi husema lililo moyoni? Je, aliyesema "ndiyo" mwaka 2016 alisema kwa kupenda ama kwa tahadhari? Asiyejiuliza hivyo hawezi kuifurahia asilimia 96 wala kuikasirikia asilimia 55, kwa kuwa hajui ama moja au nyingine inapima nini.

Kutokana na hayo yote, yapo mambo ambayo kila ofisi inayouliza watu kwa simu au kwa intaneti yapasa kuyazingatia. Kwanza, orodha ya wahojiwa itokane na kaya na siyo na laini za simu, na wasio na simu watafutwe kwa miguu. Pili, simu itumike kwa maswali machache, mafupi, ya mambo ya karibuni: bei ya mahindi wiki hii, siku ambazo bomba halikutoa maji, kama zahanati ilikuwa na dawa. Mambo mazito, kama vile mali, ugomvi wa nyumbani na maradhi ya siri, yatafutiwe faragha. Tatu, mhojiwa aulizwe kwanza kama yuko peke yake na kama huu ni wakati unaomfaa, na kama Kiswahili kinampa taabu, apatikane mdadisi anayejua Kisukuma. Nne, dodoso la intaneti linalotaka maoni lisidai jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu juu ya kila anayekusanya habari za watu, na mkuu wa idara anayesambaza fomu katika kundi la simu hakusamehewa. Tano, kila ripoti itaje njia iliyotumika, wangapi walitafutwa na wangapi walijibu.

La sita ndilo linalosahauliwa mno, nalo ni kurudisha matokeo. Mwananchi aliyetoa nusu saa yake bila kuambiwa hata mara moja majibu yake yalifanya nini, safari ijayo atatoa dakika tano. Na safari ya tatu hatapokea kabisa. Kama Isaka waliulizwa juu ya maji, basi mkutano wa kijiji usomewe kilichopatikana, na mwalimu aliyejaza dodoso la vitabu aonyeshwe ama vitabu ama sababu ya kukosekana kwake.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipokea jibu bila kujua limetolewa katika hali gani. Tofauti kati ya asilimia 19 na asilimia 68 ya watu wenye njaa ni tofauti kati ya ghala kufungwa na ghala kufunguliwa. Mtumishi wa umma atakayeitia sahihi karatasi ya kuamua hilo ana wajibu wa kuuliza, kabla ya kushika kalamu, ni nani aliyepokea simu ile, na nani alikuwa ameketi kando yake.